Ubao wa Ndani ya Saa ya Kusumhati

Saa ya ukutani ya stesheni ya Kusumhati ilikutwa imevunjwa Jumatano, tarehe 17 Septemba, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Aliyeiona kwanza ni Malati, muuza chai wa jukwaa la kwanza, akirudi kutoka banda la mafundi na sahani yake ya wali wa dengu. Mishale ilikuwa imesimama kwenye saa tisa na dakika ishirini na sita. Vipande vya kioo vilitapakaa juu ya benchi lililo chini yake.

Inspekta Anulekha Maitra wa polisi wa reli alifika saa kumi na moja kasoro robo. Mtu wa kukamatwa alikuwa ameshapatikana.

"Huyu hapa," alisema mkuu wa stesheni, Prabhas Kundu, akimnyooshea kidole kijana aliyeketi kwenye chumba cha kusubiria. "Sourish Bagchi. Wiki mbili zilizopita babake aligongwa na treni ya haraka akivuka reli. Tangu hapo anasema saa yetu ndiyo iliyomuua. Kaandika barua mpaka makao makuu, na keshokutwa kamati ya uchunguzi inakuja kuipima. Leo kaja kaivunja. Fungua jalada, afande, tumalize."

"Kama alitaka ipimwe, aivunje kwa nini?"

"Mwulize mwenyewe. Mimi ni mtu wa treni."

Sourish alijibu bila kuinua uso. Ndiyo, alikuja saa tisa na robo. Ndiyo, alisimama chini ya saa. Ndiyo, alirusha kikombe.

"Kikombe gani?"

"Cha chai. Cha udongo. Kiligonga ukuta. Kisha nikaja kukaa hapa baba alipolazwa siku ile." Sasa aliinua uso. "Afande, tarehe mosi naanza kazi, ualimu wa serikali. Nikifunguliwa jalada la polisi wananifuta. Mama hana mwingine ila mimi."

"Babako alizoea kuvuka reli pale?"

"Kila siku, miaka thelathini. Alikuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji Kolkata. Sikio la kushoto halikusikia, saa ya mkononi hakuvaa, lakini ratiba aliijua kuliko wanaoitunga. Treni ya haraka inapita saa tatu na dakika nane. Yake ilikuwa ya saa tatu na dakika kumi na mbili, jukwaa la pili. Hakuwa mtu wa kukosea dakika."

Anulekha aliomba ngazi. Kundu alisita: siku hiyo ilikuwa ya Bishwakarma, mungu wa mafundi, na hakuna chombo cha kazi kilichoguswa tangu asubuhi. Bisibisi, spana, nyundo, hata funguo za stesheni, zote zilikuwa zimepangwa mbele ya sanamu bandani, zimepakwa sinduri, unga mwekundu wa ibada, mpaka kesho yake. Malati akaleta meza yake ya chai.

Juu ya meza, Anulekha aliandika mambo manne kwenye daftari. Ndani ya kasha la saa hapakuwa na chembe ya kioo. Mlango wa kasha ulikuwa umefunguliwa kwa ufunguo, wala haukukwanguliwa. Pendulamu ilikuwa imefungwa pembeni kwa kitambaa laini, isigonge mbao. Na nyuma ya mlango palikuwa na matundu manne ya skrubu, yakizunguka eneo la mstatili ambalo mbao yake ilikuwa nyeupe kuliko kwingine.

Mishale ya shaba, ambayo mnunuzi yeyote wa vyuma angeigombania, ilikuwa palepale.

Alipitisha ncha ya leso kwenye tundu la ufunguo, kisha kwenye tundu moja la skrubu. Mara zote mbili ilitoka nyekundu.

"Malati, alirusha kikombe kweli?"

"Changu mwenyewe! Kimeanguka huko, mita mbili mbali na saa. Hana shabaha, kama marehemu babake. Yule hata ganda la karanga hakuweza kulitupia pipani."

"Na saa yenyewe ilikuwaje?"

"Siku hizi inasema kweli, mpaka inanikera."

"Siku hizi?"

Malati alimtazama Kundu, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Sema tu, mama," Anulekha alimwambia.

"Ilikuwa mbele dakika nne, miaka na miaka. Sisi wa hapa tunajua. Unaiangalia, unatoa nne, unamalizia chai yako. Mwezi uliopita ikarekebishwa. Mzee Tarapada, mtunza saa, akapita akimwambia mtu mmoja mmoja sikioni, kama anatongoza."

"Bwana Kundu, kwa nini hakukubandikwa tangazo?"

Kundu alivuta kola ya shati. "Kamati ya majengo ya kale ilikuwa inakuja. Stesheni ina miaka mia na thelathini, afande, wanataka kuiweka kwenye orodha. Nilisema saa iwe sawa. Tangazo ningeandika nini? Kwenye karatasi za reli, saa ile haijawahi kukosea."

"Ilirekebishwa tarehe ngapi?"

"Ishirini na tano Agosti."

"Na marehemu Bagchi alikuwa wapi siku hiyo?"

Aliyejibu ni Sourish. "Kitandani. Homa, tangu tarehe ishirini. Siku aliyokufa, tarehe nne, ndiyo aliyorudi kazini." Alihesabu kwa midomo. "Kwa hiyo aliona saa tatu na dakika saba..."

"Akatoa nne," Anulekha alisema. "Akaona ni saa tatu na tatu. Kwa hesabu yake, reli ilikuwa wazi kwa dakika tano."

Anulekha akamgeukia Kundu. "Nikikupa funguo zile za bandani, utaujua wa saa?"

"Ziko arobaini na moja. Hata wa kabati langu siujui. Anaujua Tarapada tu."

Tarapada Hazra, mtunza saa, alikuwa bandani peke yake. Wenzake walikuwa wamekwisha kula na kutawanyika. Anulekha aliingia na Sourish, Kundu nyuma yao.

"Mzee, mtu mwenye hasira hafungi pendulamu kwa kitambaa," alisema. "Na kioo kingevunjwa mlango ukiwa umefungwa, vipande vingeingia ndani. Kilivunjwa mwisho, mlango ukiwa wazi, ili ionekane hasira. Ufunguo na bisibisi vilitoka hapa; sinduri imebaki kwenye matundu. Ubao uliokuwa nyuma ya mlango uko wapi?"

Tarapada alitazama mikono yake. Chini ya kucha kulikuwa na wekundu, lakini siku hiyo kila fundi alikuwa nao.

"Nilitaka kuuchoma kwenye jiko la wali," alisema. "Nikashindwa. Una mwandiko wa marehemu."

Aliutoa chini ya gunia alilokalia. Watunza saa wa Kusumhati huandika ndani ya kasha, kwa penseli, kila marekebisho na tarehe yake. Katikati ya mistari ya Tarapada kulikuwa na mmoja wa mkono mwingine, wa miaka tisa nyuma: *Nne mbele, kwa ombi la mvivu wa saa tatu na kumi na mbili. N. Bagchi.* Wa mwisho ulikuwa wa Tarapada: *25 Agosti. Imerudishwa sawa.*

"Yeye ndiye aliyeomba," Tarapada alisema. "Alikuwa rafiki yangu, na kila siku alikuwa anakosa treni. Nikamsogezea. Wote wakazoea, yeye wa kwanza."

"Ulimwambia umeirudisha?" Sourish aliuliza.

"Nilikwenda kumwona mara mbili kwenye homa yake. Tuliongea habari za samaki, bei ya hilsa. Nilisahau, mwanangu. Niliwaambia watu sitini, nikamsahau yeye. Kamati ya uchunguzi ingefungua kasha Ijumaa na kusoma tarehe."

"Ukaacha nikamatwe mimi."

"Nilidhani wangekuachia. Kijana aliyefiwa, kioo tu..."

"Baba mdogo, ungekuja msibani ukaniambia, tungelia pamoja. Ulikuja. Ulibeba jeneza. Hukusema."

Kundu alimsogelea Anulekha, akashusha sauti. "Afande, jalada la kioo lifungue. Lakini hizo dakika nne, stesheni hii..."

Anulekha aliandika dakika nne, tarehe zote mbili, na jina la aliyeamua pasiwe na tangazo. Kwenye nafasi ya mtuhumiwa aliandika Tarapada Hazra, miaka hamsini na minane. Akamrudishia Sourish kitambulisho kilichokuwa kimezuiliwa.

Treni ya kwenda Kolkata ilisikika ikikata kona. Sourish alitoka mbio kuiwahi. Mlangoni Tarapada alinyanyua mkono, kwa mazoea ya miaka mingi na babake, kumwambia asikimbie, bado ana dakika nne. Kisha akaushusha.