Udongo Upande wa Chini

Saa moja na robo asubuhi ya Jumatatu, mjane aliyeitwa Mama Miche alikutwa amefukiwa ndani ya mtaro aliokuwa akiuchimba shambani kwake. Mkono mmoja tu ulibaki nje. Aliyemkuta ni binti yake wa pekee, na kilio chake ndicho kilichowaleta majirani.

Kufikia saa nne daktari alishamwambia Inspekta, mwanamke wa maneno machache, kwamba marehemu alipigwa kisogoni. Shemeji wa marehemu naye alishatiwa ndani. Wiki iliyopita watu walimsikia akimpigia mjane kelele mpakani: "Utazikwa humo humo kwenye mtaro wako." Saa kumi angefikishwa mahakamani kwa mauaji.

"Nilisema," shemeji alikiri. "Tumegombana miaka ishirini, afande. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu."

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kwangu, nalima. Shahidi wangu ni jembe. Liite liape."

Inspekta hakucheka. Alirudi shambani. Mtaro ulikatisha mteremko hatua mia na zaidi, na udongo wake wote ulilundikwa upande wa juu, ukashindiliwa na kuoteshwa nyasi. Hatua tatu za mwisho, pale alipofukiwa mjane, zilikuwa mbichi. Hapo udongo uliosalia baada ya kumfukia ulilundikwa upande wa chini.

"Baba mdogo alimkuta hapo akichimba," alisema binti, macho yamemvimba, mikono ameikunja ndani ya shuka. "Najua alipofikia. Nimechimba naye kila siku tangu mwezi uliopita."

Saa saba mchana Inspekta aliketi mbele ya bwana shamba, kwenye ofisi ya kilimo iliyonuka mbolea na karatasi za zamani.

"Miaka miwili yule mama alikuwa akitafuta mpango wowote wa serikali unaomfaa," alisema bwana shamba. "Hakujua kusoma. Binti alimsomea matangazo ya ubaoni akamwambia hakuna kitu. Siku moja akaja peke yake, akaniuliza mimi. Mipango ilikuwa mitatu."

"Akachagua upi?"

"Hifadhi ya udongo na chemchemi. Tunampa miche na zana, yeye anachimba mitaro, na eneo la chemchemi iliyo shambani kwake haliuzwi kwa miaka kumi. Alikuwa asaini leo saa tatu."

"Binti alijua?"

"Alikuja Alhamisi kuuliza kama inaweza kufutwa. Nikamwambia mama akishasaini, basi."

"Na shemeji?"

"Walifundishwa pamoja, benchi moja, wakizozana mpaka nikachoka. Lakini mitaro yake ni safi. Somo la kwanza ni hilo, udongo unatupwa juu. Ukitupwa chini, mvua ya kwanza inaondoka nao."

Saa tisa binti aliletwa kituoni.

"Nionyeshe viganja," alisema Inspekta.

Binti alisita, kisha akaitoa mikono. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, ngozi bado nyekundu.

"Aliyechimba mwezi mzima ana sugu. Wewe umechimba leo tu, upate udongo wa kumfukia. Mama yako asingeutupa chini, wala baba yako mdogo. Wote walifundishwa."

Binti alivirudisha viganja ndani ya shuka.

"Chemchemi nilishamwahidi mnunuzi," alisema. "Ningeondoka. Nina miaka thelathini na nane, afande, sijawahi kulala nyumba isiyonuka mbuzi. Yeye anakuja anacheka, ananiambia miaka kumi. Kama zawadi."

"Daktari amekuta udongo kwenye mapafu. Alikuwa hai."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Aliniita kwa jina langu la utotoni. Sidhani alijua kama kapigwa. Alishukuru nimekuja kumsaidia kazi."

"Nawe?"

"Nikaongeza kasi."

Inspekta aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa, akamsogezea karatasi asaini. Binti aliisoma yote kwa makini, akasahihisha saa, akasaini.

Saa kumi kasoro dakika tano shemeji alifunguliwa. Walikutana kwenye ujia, yeye akitoka, binti akipelekwa ndani kwa pingu.

"Baba mdogo," binti alisema, "usiniache humu."

Mzee alimtazama kuanzia miguuni, ambako matope ya mtaroni yalikuwa yamekaukia, hadi usoni. Kisha akamgeukia askari, akauliza maiti ya mke wa kaka yake inachukuliwa wapi.