Paka Asiyekataliwa

Kipimo kilijibu kabla damu haijakigusa. Émérance, daktari wa mifugo anayetibu wanyama katika chumba cha mbele cha nyumba yake pale Majengo, aliona mistari miwili ya ugonjwa ikijichora huku tone bado linaning'inia kwenye ncha ya sindano. Akakigeuza, akasoma tarehe. Hakikuwa kimepitwa na wakati. "Vitu vya magendo hivi," alinung'unika, na hapo ndipo alipoanza kujidanganya.

Paka mwenyewe aliokotwa na Charline, binti yake wa miaka tisa, juu ya mawe ya lava upande wa Munigi. Jike jeusi, mifupa mitupu. Émérance alimbonyeza ufizi kwa kidole gumba, kama anavyomfanyia kila mnyama: ukiachia, wekundu unatakiwa kurudi kabla hujahesabu mbili. Ufizi wa paka huyu ulikuwa mweupe kama chaki hata kabla ya kubonyezwa.

"Ni leukemia ya paka," alimwambia Charline. "Ile ugonjwa inakulaka damu. Haina dawa ya kuimaliza, lakini tutamusaidia. Usiogope, haipitake kwa watu."

Alipochomwa sindano ya vitamini, paka hakulia. Aligeuka tu, akamkwaruza daktari kidole, kisha akailamba damu ile taratibu, mpaka ikaisha. Na Émérance, kwa mazoea ya utotoni ambayo shule haikuyatoa, akakitia mdomoni kidole kile kile, kikiwa bado ubavuni na tone la damu ya paka, la pale alipomchoma sindano.

Mlangoni alikuwa amesimama Athanasie, mama mkwe wake, mzee wa Rutshuru, sinia la maharage mikononi.

"Mama Charline! Mumekunywana!"

"Mama, huyu ni paka."

"Wazee wetu walikuwa wanakunywana damu na mutu wanamujua. Kisha pale, hauwezi tena kumukatalia kitu. Ukimukatalia, kiapo kinakuulia ndani ya tumbo. Sasa wewe umekunywana na nani? Unamujua?"

Émérance alicheka. Alicheka peke yake.

Paka alianza na maziwa. Alikaa mbele ya kikombe, akamkazia macho Émérance, na mkono wa Émérance ukamimina kabla akili haijakubali. Kisha akataka kiti cha marehemu mume wake, ambacho hakuna aliyekikalia tangu msiba. Akapewa. Siku ya tano akakaa mbele ya kitanda cha Charline, akapewa na hicho.

Nyumba ikaanza kunuka chuma kilicholoa. Mchana kweupe ikasikika sauti ya kulamba nyuma ya ukuta wa mbao, ilhali paka amelala miguuni pa Émérance. Charline alikonda. Naye Émérance, badala ya kumtazama mnyama, akamshuku mama mkwe: si ndiye aliyemchukia paka tangu mwanzo? Alinusa uji ambao bibi alimpikia Charline, akitafuta sumu, akafunga jikoni kwa kufuli. Bibi wa watu akala chakula cha majirani kwa aibu.

Paka akanenepa. Akapimwa tena: mstari mmoja, hana ugonjwa. Ufizi wake ulikuwa mwekundu kama nyama mbichi, na hapo moyo wa Émérance ukapasuka, maana hakuna leukemia inayopona hivyo. Alikimbilia chumbani, akamwinua mwanawe mdomo, akabonyeza, akaachia, akahesabu moja, mbili, tatu, akafika saba na ufizi bado mweupe, na alipoinua macho paka alikuwa amepanda kitandani kando ya mtoto, ametulia, anamtazama Émérance kama alivyomtazama siku ya maziwa, na mkono wake, mkono uliomlea mtoto huyu wa pekee, tayari ulikuwa unamsogeza Charline kumwelekea.

Athanasie alinong'ona nyuma yake. "Anaomba."

"Ninajua. Unisamehe, mama."

"Ukimukatalia..."

"Ninajua."

Akaushika mkono wake kwa mkono wa pili, akaurudisha kwa nguvu.

"Hapana," alimwambia paka. "Huyu sikupatie."

Paka hakunguruma wala hakurusha kucha. Aliteremka, akapita mlangoni bila haraka, akapotea kwenye mawe meusi. Sauti ya kulamba ikakatika.

Kabla jua halijatua Charline alikuwa ameketi, anaomba vidagaa vya sambaza na ugali. Émérance akambonyeza ufizi: wekundu ulirudi kwenye moja. Athanasie akapiga magoti, akalia kwa furaha, na ufunguo wa jikoni akarudishiwa.

Émérance alijitenga kwenye karai la kunawia. Akajitazama kiooni, akainua mdomo wake mwenyewe, akabonyeza, akaachia. Alipofika tisa, ufizi ukiwa bado mweupe, akaisikia tena ile sauti ya kulamba, safari hii chini ya mbavu zake.

"Mama, chakula iko tayari!" Charline aliita.

"Ninakuya, mama yangu," aliitika kwa sauti ya furaha, huku akiendelea kuhesabu.