Mashuka Jozi Mbili

Saa nne na robo asubuhi, Ijumaa moja ya Mei 1957, Mama Voss aliona kuwa fremu iliyo juu ya meko ya sebuleni haina picha. Fremu yenyewe ilikuwa palepale ukutani, imenyooka, lakini ndani ilibaki kadibodi tupu.

Picha ile ilipigwa mwaka 1889. Vijana kumi na wawili walioanzisha udugu ule, chama cha wanafunzi wa kiume wanaoishi nyumba moja hapo chuoni Ohio, walikuwa wameegemeana. Wawili wa mbele walishikana mikono, mmoja kalaza kichwa begani kwa mwenzake.

"Ni Orville," alisema Gerald, mwenyekiti wa nyumba. "Jana mkutanoni alitaka tuichome kabla akina baba hawajaja kututembelea kesho. Eti wanaume gani wale! Saa saba tunapiga kura. Tunamvua beji ya udugu, anafungasha."

"Nilisema, ndiyo. Sikuiba." Orville alisogea kutoka mlangoni. "Baba yangu alikuwa ndugu wa nyumba hii. Nitamwambia nini, Mama?"

Mama Voss, mjane aliyewatunza vijana mle ndani kwa miaka kumi na moja, aliinamia sakafu. Alikuwa ameipaka nta saa tatu, na bado ilikuwa mbichi.

"Gerald, unaona nini?"

"Michubuko ya viatu. Inakwenda hadi mekoni, inarudi."

"Na alama za kiti?"

"Hakuna."

"Orville, hebu shika ile fremu."

Orville alijinyoosha mpaka shati likamtoka. Vidole vyake viliishia shibiri nzima chini ya fremu.

Ni mtu mmoja tu mle ndani ambaye angeifikia bila kiti. Mama Voss hakumtaja. Kulikuwa na jambo jingine lililomuuma tangu Januari: kila Jumatatu akigawa mashuka, Dale Krueger, lile jitu la timu ya mpira, alichukua jozi mbili, naye analala peke yake.

Alimkuta chumbani, amekaa akikitazama kitanda cha pili. Kilitandikwa vizuri. Kilikuwa cha Lyle, mwenzake wa chumba, aliyechukuliwa jeshini Januari. Mama Voss aliinua mto, na picha ilikuwa pale.

"Ni wewe, mwanangu."

"Ni mimi. Wangeichoma." Alilaza kiganja kwenye kitanda kile. "Siku Lyle anaondoka, pale stesheni, nilimpa mkono, Mama. Kama nimemuuzia gari. Hawa walishikana mbele ya mpiga picha. Waliwezaje?"

"Hakukuwa na mtu aliyewafundisha kuogopa."

"Mimi nani alinifundisha?"

Mama Voss alimwekea picha mkononi. "Orville anafukuzwa saa saba," alisema.

Saa saba Dale aliiweka picha mezani, mbele ya wote.

"Sema ulikuwa utani," Gerald alimnong'oneza, karibu kumsihi. "Sema tu, yaishe."

"Haukuwa utani. Nimemkumbuka Lyle. Kila siku namkumbuka."

Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemtazama usoni. Walimvua Dale beji kwa tofauti ya kura mbili. Orville alimtetea, tena kwa sauti, lakini haikutosha.

Jumatatu Mama Voss alipanda kukusanya mashuka. Dale alikuwa ameondoka, na vitanda vyote viwili vilikuwa vimetandikwa. Alikaa kwenye kile cha Lyle, akakosa moyo wa kuvitandua.