Picha Aliyoikataa

Ukumbi wa harusi umefurika, watu wanasukumana, na fundi cherehani kapiga magoti nyuma ya bibi harusi, pini mdomoni, anaokoa gauni lililofumuka kiunoni. Mpiga picha akaja kinyumenyume, akamkanyaga mkono.

"We kaka, macho yote yako kwenye kamera?"

"Yalikuwa, dada. Sasa yamehama."

Fundi alicheka, nusura azimeze pini.

Tangu hapo mpiga picha hakukauka kibandani kwa fundi.

"Kipenzi, nikuweke mtandaoni, wajue nimepata?"

"Nimeshakwambia sitaki."

"Unanionea haya? Au kuna mwenzangu?"

Fundi aliendelea kukanyaga cherehani. Mume wake wa zamani, aliyemvunja mkono, alikuwa bado akimtafuta. Kwao, namba yake mpya ya simu alikuwa nayo mama yake tu. Hayo hakuwa tayari kuyatamka.

Siku ya kuzaliwa ya fundi, mpiga picha akaona amfurahishe. Akampandisha mtandaoni: gauni la kijani, kola nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka, ameinamia kitambaa. Nyuma yake, dirishani, kibao cha duka la dawa kinasomeka herufi zote. Na chini akaandika mtaa, wateja wasipotee.

Wiki haikuisha. Yule mume wa zamani akasimama mlangoni, simu mkononi, anatabasamu.

"Umependeza kwenye picha, mama."

Fundi alipiga yowe. Majirani wakatoka na miko yao, jamaa akaondoka taratibu, akiukagua mlango.

Mpiga picha akapiga simu, anahema. "Nimeifuta, mpenzi, nimeifuta!"

"Aliyeiona ameshaiona." Ndipo fundi akamweleza habari ya mume na mkono uliovunjwa.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia sitaki. Ilitosha."

Jioni hiyo mjomba wa fundi alileta pikapu kumhamisha. Mpiga picha akaja kubeba cherehani, akaifunga kwa shuka isigongwe, akapanda nyuma. Walipofika njia panda akagonga bodi.

"Nishusheni hapa. Nisijue mnakokata kona."

Fundi alimtazama akibaki barabarani, shati limelowa jasho, mpaka vumbi likamfunika.

Muda mrefu ukapita. Kisha siku moja fundi akampigia kwa namba ngeni.

"Ni mimi."

"Usiniambie uko wapi. Mlango unafungika vizuri?"

"Unafungika. Na wewe, kazi?"

"Siku hizi nawauliza watu kwanza kabla sijapandisha picha zao. Wengine hukataa."

"Wakikataa, unawauliza kwa nini?"

"Siulizi."

Fundi akaegemea ukuta. Machozi yalimtoka, akayaacha.

"Nikingoja, nitakuwa nakusumbua?" akauliza mpiga picha.

"Ngoja. Nikiwa tayari, nitakuelekeza njia mimi mwenyewe."