Maziwa Chini ya Bembea

Maji ya moto yalipoingia katika shimo la siafu, shimo lilivuta pumzi.

Mama Kasuku aliisikia vizuri. Haikuwa sauti ya maji yanayozama ardhini. Ilikuwa pumzi fupi ya kushtuka, kama ya mtoto aliyeamshwa ghafla. Alisimama na sufuria tupu mkononi, akatega sikio. Kimya. Akajiambia ni uchovu, akachukua koleo na kulifukia shimo.

Hakuwa na nia mbaya. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza bustani ya mapumziko katika mji ule mdogo wa pembezoni, na kila kilichokuwa ndani ya uzio kilikuwa juu yake: nyasi za kiwanja cha mpira, maua ya getini, njia ya wakimbiaji, mabenchi na bembea. Siafu walikuwa wameweka makao chini ya bembea ndogo, wakawauma watoto miguuni, na wazazi wakamjia juu. Dawa ya wadudu aliiogopa, maana watoto hutia kila kitu mdomoni. Maji ya moto aliyaona ndiyo njia ya huruma.

Kesho yake mlinzi wa geti alimwita. Watu walimwita mlinzi huyo Kipyenga kwa sababu filimbi haikumtoka mdomoni hata alipokuwa akila.

"Mama Kasuku, njoo uone. Kuna mtu kamwaga maziwa kwenye bembea. Watu hawana hata ya kutia kwenye chai, yeye anaogeshea mbao!"

Kiti cha bembea ndogo kilikuwa kimelowa, na matone meupe yalikuwa yamedondoka mchangani. Mama Kasuku alipangusa kwa kitambaa, kisha akakinusa bila kutaka. Hayakuwa maziwa ya ng'ombe. Aliwahi kunyonyesha, harufu ile ya utamu na joto aliijua mwilini mwake. Chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya nywele zilizoungua.

Alidhani kuna mama aliyeketi pale akinyonyesha. Lakini matone yalirudi siku iliyofuata, na iliyofuata tena.

Kisha bembea ikaanza kwenda yenyewe. Haikwenda kwa upepo, maana zile kubwa za pembeni zilitulia tuli. Haikwenda kwa fujo ya mchezo pia. Ilikwenda polepole, mbele na nyuma, kama mtu anayebembeleza. Wacheza drafti wakabeba ubao wao wakahama. Wakimbiaji wakaona ni afadhali wakimbie barabarani na magari.

"Mimi nimeajiriwa kuzuia wezi," Kipyenga alisema kwa sauti ya chini, macho kwenye bembea. "Hicho hakijaiba kitu."

Alikosea. Kilikuwa kimeshaanza kuiba.

Kasuku ndiye aliyekuwa mtoto wa pekee wa mtunza bustani. Baba yake aliondoka kwenda kutafuta maisha, na maisha hayakumrudisha. Jina lile alipewa na majirani, kwa kuwa aliongea akila, akaongea akipiga mswaki, na wakati mwingine akaongea akiwa amelala. Kila akitoka shule alicheza bustanini hadi mama yake afunge geti. Sasa alianza kurudi nyumbani kimya. Akiwekewa chakula, anasukuma sahani.

"Nimeshiba."

"Umeshibia wapi?"

"Kwa mama."

Mama Kasuku alicheka kidogo. "Mama yupi? Si mimi huyu hapa?"

Mtoto alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni aliyekuja kuazima kitu. "Mama wa kwenye bembea. Anasema nikizoea, nitakaa kabisa." Kisha akauliza, taratibu, "Kwani wewe ni nani?"

Mama Kasuku akainama kumbusu. Midomo ya mtoto ilinuka maziwa.

Siku iliyofuata alimwacha kwa jirani, mlango umefungwa na jirani mwenyewe ameketi kizingitini akichambua mboga. Jua lilikuwa bado juu Mama Kasuku alipoinua kichwa kutoka kwenye maua na kumwona mwanawe bustanini, juu ya bembea ndogo, miguu mitupu, amelala chali hewani pasipo kitu cha kumshika, kichwa kimeegemea pale ambapo mkono wa mtu ungekuwa, mdomo ukinyonya na shingo ikimeza, na nyuma ya bembea nyasi zikilala chini na kuinuka, zikilala na kuinuka, kama zinavyofanya zikikanyagwa na mtu anayehamisha uzito wake kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, na juu ya yote hayo kukisikika sauti ya mwanamke akiimba na mdomo umefumbwa, sauti nzuri, iliyochoka kwa kulia, hivi kwamba Mama Kasuku, pamoja na hofu yote aliyokuwa nayo, alihisi machozi yakimtoka kabla hajajua kwa nini.

Alipiga kelele. Mtoto akadondoka mchangani, akaanza kulia akimtaka yule mwingine.

"Nenda kwa bibi mkunga," Kipyenga alimnong'oneza, filimbi kwa mara ya kwanza iko mfukoni. "Yule anawajua hao wasioonekana. Mimi mwenyewe alinizalisha."

"Alimzalisha mama yako, Kipyenga."

"Ndiyo hivyo hivyo. Nenda."

Bibi mkunga alikuwa ameshastaafu. Nusu ya mji ilipita mikononi mwake, na ilisemekana zamani aliwahi kuitwa kuzalisha hata katika nyumba zisizo na milango. Alikuja jioni ile ile, jua halijazama, bila ngoma wala ubani. Alichota mchanga chini ya bembea, akaunusa.

"Hapa pana mzazi," alisema. "Bado ananyonyesha. Mwanangu, ulifanya nini hapa?"

Mama Kasuku akamweleza habari ya siafu na maji. Bibi akafumba macho, kisha akaagiza mtoto aletwe.

Wakamketisha Kasuku kwenye bembea. Hapo hapo ikaanza kwenda.

"Tumekuja kwa heri, mama," bibi alisema.

"Mimi si mama tena." Mdomo ulikuwa wa Kasuku, sauti ilikuwa ya mtu mzima. "Muulize huyo. Nilimlaza mwanangu chini, kwenye ubaridi. Nikatoka kidogo tu. Niliporudi nikamnyanyua, na ngozi yake ikabaki mikononi mwangu."

Mama Kasuku akapiga magoti. "Sikujua. Wallahi sikujua."

"Na yeye hakujua."

Bibi akamvuta bega, akamnong'oneza sikioni. "Ninayo maneno ya kumtoa. Yatamchoma, lakini atatoka. Sema tu."

Mama Kasuku alimtazama mwanawe akienda mbele na nyuma. Matone meupe yalikuwa yakianguka mchangani kutoka mahali pasipo mtu.

"Achomwe tena, bibi?" alisema. "Hapana."

Akajikokota hadi chini ya bembea, akaketi mchangani kama watu wanavyoketi msibani, akalia. Hakulia kwa kuomba. Alimlilia mtoto ambaye hakuwahi kumwona, kwa sauti, hadi kifua kikamuuma. Bibi naye akaketi. Kipyenga, kule getini, akavua kofia, naye akalia. Na sauti ya nne ikaungana nao, ikitoka mchangani, wakalia pamoja.

"Alikuwa mkubwa kiasi gani?" Mama Kasuku aliuliza baadaye.

"Alikuwa ameanza kusema." Bembea ilipunguza mwendo. "Alikuwa na neno moja tu. Alilipata jana yake."

"Neno gani?"

Bembea ikasimama.

"Unalijua. Chukua wako, umenililia wangu. Lakini neno lile mimi sitalisikia tena. Na wewe hutalisikia kwa wako."

Harufu ya maziwa ikaondoka, ile ya kuungua ikafuata. Kasuku alianguka mapajani mwa mama yake, akafumbua macho, akaanza papo hapo: ana kiu, ana njaa, viatu vyake viko wapi, kwa nini bibi analia, kwa nini Kipyenga hana filimbi. Mama Kasuku alimkumbatia akicheka na kulia.

"Niite," alimwambia. "Niite nisikie."

Mtoto alifungua mdomo. Midomo ikakutana kwa herufi ya kwanza, ikagandamana. Akajaribu tena, macho yakijaa machozi. Bibi mkunga akageuza uso.

Miaka imepita. Kasuku anaongea kuliko zamani, walimu wanamlalamikia. Akiulizwa huyu ni nani yake, humshika mkono na kusema, "Ndiye aliyenizaa." Nyumbani akimtaka humgonga begani, au hupiga makofi mawili.

Bustani imejaa tena. Wacheza drafti wamerudi, na bembea ndogo ina foleni kila jioni. Pale mtoto anapoanguka na kuita "Mama!", wanawake wote mabenchini hugeuka. Mama Kasuku naye hugeuka, ufagio mkononi, kisha hurudi kufagia.