Kinachoitika Kwanza

Korogwe hakuna asiyeijua harufu ya makapi ya mkonge yaliyooza, kwa hiyo Mwantumu hakushtuka kompyuta yake ilipoanza kunuka. Aliinunua kwenye ofisi ya shamba la mkonge, enzi zile mashamba yanauzwa kwa wawekezaji na kila mtu anafungua chuo chake, naye akafungua chake cha kompyuta. Rahisi ghali, lakini nani husikia? Siku ya tatu harufu ya makapi ikaisha, ikabaki ya nyama, nyama iliyosahaulika juani, yenye utamu wa kuganda kooni. Shadya, mwanawe wa pekee wa miaka sita, aliyezoea kumsubiri mama pale darasani, alitapika mlangoni.

Mchana huo Mwantumu alikuwa akiiandaa mashine wanafunzi waanze Pascal, lugha ya kuandikia programu. Kwenye faili la kuwashia kuna mstari uitwao PATH. Kazi yake ni kuiambia mashine: mtu akiita programu, itafute kwenye folda hii kwanza, isipokuwemo nenda hii, kisha hii. Akaongeza folda ya Pascal, akazima, akawasha, akaiita. Mashine ikakoroma kama mtu mwenye makohozi, na kwenye tundu la disketi ukachuruzika ute wa njano, wa vuguvugu. Kioo kikaandika: NIPO.

Akaufungua tena ule mstari. Mbele ya folda zote kulikuwa na folda asiyoiandika yeye: HAPA. Akaifuta, akawasha upya. Imerudi, tena ya kwanza.

Akamwita Julius, fundi redio wa jirani, mtu wa Lutindi aliyekuwa akicheka habari za majini. Julius akajaribu mara tatu, kisha akafuta vidole kwenye suruali, maana vitufe vilikuwa vinatoa jasho la mafuta kama ngozi ya mgonjwa.

"Dada Mwantumu," akanong'ona, "wewe uliita Pascal?"

"Ndiyo."

"Basi kilichoitika siyo Pascal. Katafute mganga."

Mganga, Mzee Athuman, alifika kesho yake mchana kutoka Kwedizinga, na chetezo chake cha ubani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi mambo ya kompyuta siyajui. Nieleze tu, ukiita, anaitika nani?"

Mwantumu akaeleza. Mzee akatema mate chini.

"Huyo hana jina. Anaishi kwa kuitikia majina ya wengine. Nikimtoa, asisikie mtu akiitwa, hata paka, mpaka aungue aishe. Tumeelewana?"

Julius akafungua kasha la mashine. Humo ndani, katikati ya nyaya, lilijibana bonge la nywele zilizolowa usaha, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, limechomoza kucha za watu, tena linapwita, na uvundo wake ukamtoa Julius mbio, ukamfanya Mwantumu ameze matapishi yake mwenyewe kwa kuogopa kufungua mdomo, huku Mzee Athuman akilinasa kwa koleo, likiteleza, likifyonza hewa, likiburuta uzi mrefu wa ute kutoka mezani mpaka kwenye karai la mkaa uani, ambako lilianza kuchuruzika na kulia kama mafuta ya kukaangia.

Halikuwa limeungua hata nusu Shadya alipoingia kwa mlango wa uani akitokea shule. Hakusalimia. Aliliinamia lile karai, akanyoosha mkono azishike zile nywele.

"Shadya!"

"Abee, mama."

Sauti ilikuwa ya Shadya, lakini ilitoka kwenye karai. Mtoto alikuwa amefumba mdomo.

Bonge likaungua lote, likawa majivu. Mzee Athuman akakusanya vitu vyake bila kumtazama mwenye chuo. "Limeungua," akasema kwa sauti ya chini, "ila limeshaitika."

Mashine ikatupwa kwenye shimo la choo, harufu ikaisha. Siku tatu Mwantumu hakulitamka jina la mwanawe. Akimtaka, humfuata na kumshika mkono. Siku ya nne akapitiwa.

"Shadya, njoo unywe uji!"

"Abee, mama!" ikaitikiwa chini ya kitanda, na ule uvundo wa nyama ukajaa chumbani.

Shadya alikuwa amesimama mbele yake, anamtazama kwa mshangao.

"Itika na wewe, mwanangu," Mwantumu akambembeleza, machozi yanamtiririka. "Itika mwenyewe, nikusikie."

"Mama jamani," mtoto akasema, "mbona tumeshaitika?"