Mlio Mmoja Mrefu, Miwili Mifupi

Rafiki yangu, fundi wa kompyuta, si mtu wa kuzua mambo. Mchana mmoja alikuwa kwa shangazi yake, akiweka kadi mpya ya kuonyesha picha kwenye skrini katika kompyuta kuukuu aliyoiacha marehemu mume wa shangazi. Alipoiwasha, skrini ikabaki nyeusi tii. Ukasikika mlio mmoja mrefu, miwili mifupi, ishara ya kompyuta kwamba kadi ina hitilafu.

"Kadi haijakaa vizuri," akajisemea, akachomoa waya wa umeme.

Ikalia tena.

"Shangazi, umesikia?"

Shangazi alikuwa ameganda mlangoni. "Marehemu alikuwa akiniita kwa mluzi huo huo."

Ndipo fundi akakumbuka kuwa kispika kidogo cha kompyuta, kinachotoa milio hiyo, alishaking'oa asubuhi ili kadi ipate nafasi. Akapapasa mfuko wa shati. Kilikuwa humo, kinatetemeka kifuani pake, kikiita.